MREJESHO: Maandishi ya midahalo ya urais Marekani nimeyapata (Kenya bado)

Wakuu nimerudi, ni yule niliyeuliza ntapata wapi maneno ya midahalo ya urais Marekani kwa ajili ya tasnifu. Aliyenielekeza American Presidency Project, tovuti ya chuo kikuu cha California, Santa Barbara, ubarikiwe sana, ipo kuanzia Kennedy na Nixon 1960, bure, unakopi tu, halafu inaruka hadi 1976 nikadhani neti imekata kumbe miaka 16 hakukuwa na mdahalo wa fainali, yaani wa wagombea wakuu wa vyama. Video nimeangalia C-SPAN, kituo cha TV cha Marekani cha mambo ya siasa, ile ya Ford na Carter 1976 sauti ilikata kwa dakika 27 jamaa wamesimama tu kama wanasubiri daladala 😂

Midahalo ya urais Kenya 2013 ndo imenigomea, maandishi sijapata, nasikiliza YouTube naandika kwa mkono, nipo dakika ya 40. Asanteni.