Dopla ya shingo inabadilika nikizungusha mstari wa pembe, ya kitovu haibadiliki. Kwa nini?

Neema_Mafunzoni

Wakuu, habari za jioni. Niko mafunzo kwa vitendo chumba cha ultrasaundi, hospitali ya wilaya, na leo kuna jambo limenitatiza.

Tulimpokea mzee ambaye mkono wake wa kulia ulikufa ganzi ukakosa nguvu, halafu ukarudi kawaida baada ya muda. Daktari akaomba Dopla ya mishipa ya shingo, yaani kipimo cha kasi ya damu kwa mawimbi ya sauti. Probu ya megahezi 5. Kwenye karotidi ya ndani (mshipa wa shingoni unaopeleka damu kwenye ubongo) upande wa kushoto, mkubwa wangu wa zamu aliweka mstari wa pembe (unaoiambia mashine pembe kati ya sauti na damu) kwenye nyuzi 60, akaniambia ndiyo kanuni. Kasi ya juu ikasoma sentimita 118 kwa sekunde. Picha ikiwa bado imegandishwa, nikauzungusha ule mstari hadi ukalala sambamba na ukuta wa mshipa. Pembe ikawa 68, kasi ikapanda hadi 157. Wimbi ni lile lile, sikugusa kitu kingine. Na mpaka tunaoutumia hapa ni 125, ambao uko katikati ya namba hizo mbili! Kwa moja mshipa haujabana hadi nusu, kwa nyingine umebana nusu au zaidi.

Baadaye akaja mjamzito wa wiki 34 mwenye presha. Ateri ya kitovu ikatoa RI (kiashiria cha ukinzani wa mshipa) 0.62. Nikachezesha mstari wa pembe makusudi, ikabaki 0.62.

Kwa mzee, namba ipi ni ya kweli? Na kwa nini kitovu hakijali pembe?

Mwl_Fizikia_Songea

Mimi si mtu wa hospitali, lakini hesabu yake naifahamu. Christian Doppler alilitoa wazo hili Prague mwaka 1842 akifikiria mwanga wa nyota pacha. Mwaka 1845 Buys Ballot akalijaribu kwa sauti kule Uholanzi: wapiga tarumbeta juu ya treni, wanamuziki wenye masikio mazuri kando ya reli wakisikiliza noti inavyopanda treni ikija na kushuka ikishapita.

Kwa damu, tofauti ya frikwensi ni 2 × frikwensi ya probu × kasi ya damu × kosini ya pembe, gawanya kwa 1,540. Hiyo 1,540 ni mita kwa sekunde, kasi ya sauti kwenye tishu laini ambayo mashine imepangiwa. Ile 2 inatokana na chembe nyekundu kufanya kazi mara mbili: inapokea wimbi ikiwa kwenye mwendo, kisha inalirudisha ikiwa bado kwenye mwendo.

Sasa weka 118 na nyuzi 60: utapata kama hezi 3,830. Weka 157 na nyuzi 68: karibu hezi zile zile 3,830. Hicho ndicho kitu pekee ambacho mashine yako imepima.

MamaZuhura_Tanga

Mwalimu ameniwahi, na amesema vizuri. Neema mwanangu, shika hilo la mwisho kwanza. Mashine haijui kasi ya damu. Inajua hezi tu. Kasi inakokotolewa kutokana na pembe unayoiambia wewe kwa kile kimstari, na ukiidanganya, haina namna ya kukubishia.

Kwa mzee wako, ile 118 itupe. Mstari uliowekwa 60 bila kulala sambamba na mshipa haupimi chochote. Sitini hufikiwa kwa mkono: unaikandamiza probu upande mmoja ili mshipa uiname kwenye picha, unaelekeza boksi la rangi (eneo la picha linaloonyesha mwendo wa damu) na geti (kidirisha cha mahali unapopima) kushoto au kulia, unatafuta dirisha jingine nyuma ya msuli wa shingo. Ukishapata mahali ambapo mstari ulio sambamba na ukuta unasoma 60 au chini yake, hapo ndipo unapopima. Karotidi inalala karibu sambamba na ngozi, kwa hiyo usipoelekeza boksi, sauti inaipiga karibu na nyuzi 90, na kosini ya 90 ni sifuri.

Ile 157 nayo isiandikwe hivyo hivyo. Mstari umelala vizuri, sawa, lakini 68 ni juu mno. Angalia kosa la nyuzi 5 tu linavyokula namba. Pembe halisi ikiwa 30 nawe ukaweka 35, kasi inazidi kwa asilimia 6 hivi. Ikiwa 60 ukaweka 65, inazidi kwa 18. Ikiwa 75 ukaweka 80, inazidi kwa karibu 50. Na nyuzi 5 ni kosa la kawaida kabisa la jicho kwenye mshipa uliopinda. Ndiyo maana tunasimama 60. Hakuna muujiza kwenye namba hiyo, ila baada yake mteremko ni mkali.

Mpime tena kesho kabla hajaondoka. Pima na karotidi ya pamoja chini kidogo, kwa pembe inayokaribiana, upate uwiano. Makubaliano ya wataalamu wa radiolojia wa Marekani yaliyochapishwa 2003 hayakutegemea 125 peke yake. Yanataka pia uangalie utando (mafuta yaliyojijenga) ukutani na uwiano wa kasi ya karotidi ya ndani kwa ile ya pamoja: 2 hadi 4 kwa mshipa uliobana asilimia 50 hadi 69, zaidi ya 4 kwa 70 na kuendelea, ambako kasi nayo inapita 230.

Sasa kitovu, na hapa nisome taratibu, maana ndipo ninapoogopa zaidi. RI ni kasi ya juu toa kasi ya mwisho wa pigo (moyo unapolegea, kabla ya pigo jingine), gawanya kwa kasi ya juu. Kosini iko juu, kosini iko chini, zinafutana. Ndiyo maana tunautumia uwiano: uzi wa kitovu umejisokota na unaelea, huwezi kujua pembe yake.

Lakini usiseme kitovu hakijali pembe. Kuna filta ya ukuta, ile inayofuta frikwensi za chini ili mtikisiko wa kuta za mishipa usichafue wimbi. Chukua probu ya megahezi 3.5 na damu inayokwenda sentimita 10 kwa sekunde moyo wa mtoto unapolegea. Kwa nyuzi 30 unapata kama hezi 394. Damu hiyo hiyo kwa nyuzi 80 inatoa hezi 79. Filta ikiwa kwenye hezi 100, hizo 79 zinafutwa zote, na kwenye skrini utaona mwisho wa pigo ni mtupu. Utaandika damu haifiki mwisho wa pigo. Daktari akisoma hivyo kwa mama wa wiki 34 mwenye presha, anafikiria kumzalisha mapema. Mtoto anatolewa kabla ya wakati kwa sababu ya pembe na filta! Kwa hiyo ukiona mwisho wa pigo hauna kitu, kabla hujaandika lolote shusha filta hadi chini kabisa, hamisha probu, tafuta kipande kingine cha kitovu kinachokujia au kinachokukimbia moja kwa moja, subiri mtoto atulie asicheze wala asipumue, upime tena. Ikiendelea kuwa tupu, hapo usisite: inua simu umwite daktari.

Neema_Mafunzoni

Shikamoo mama, asante sana. Filta yetu nimeikuta iko juu, nimeishusha. Mzee tumempima leo. Kwa kuelekeza boksi na kukandamiza probu nimepata 56 sambamba na ukuta: ndani 149, pamoja 71, uwiano 2.1, na utando unaonekana wazi. Mkubwa wa zamu amekubali tuandike 50 hadi 69. Je, pembe niiandike kwenye ripoti?

MamaZuhura_Tanga

Marahaba mwanangu. Iandike, na picha uihifadhi mstari ukiwa unaonekana. Atakayempima miezi ijayo atumie pembe ile ile kadiri inavyowezekana, ndipo mtajua kama mshipa umezidi kubana au ni mikono tofauti tu. Nimefurahi mno kwa ajili ya huyo mzee.

Kassim_Eko

Samahani nidandie uzi. Mimi niko upande wa moyo. Kwenye vali ya aota (mlango wa damu inapotoka moyoni) iliyokakamaa, wimbi langu linakatika juu na ncha yake inatokea chini ya mstari wa sifuri. Hapa pembe si tatizo, niko karibu na 0. Nimeshusha mstari wa sifuri mpaka mwisho, bado.

MamaZuhura_Tanga

Kassim, hapo shida ni kina. Dopla ya geti inatuma pigo la sauti, inasubiri lirudi, ndipo inatuma jingine. Kwa kina cha sentimita 12 haiwezi kuzidi mapigo 6,400 hivi kwa sekunde, na inasoma sawasawa hadi nusu yake tu, yaani kama hezi 3,200. Kwa probu ya megahezi 2 hiyo ni takriban mita 1.2 kwa sekunde. Kushusha mstari wa sifuri kunakupa hadi mara mbili yake kwa upande mmoja, si zaidi. Vali iliyokakamaa sana inarusha damu mita 4 na kupita.

Tumia Dopla endelevu. Fuwele moja inatuma muda wote, nyingine inapokea muda wote, hakuna kusubiri, kwa hiyo wimbi halikatiki. Unachopoteza ni mahali: inajumlisha kila kinachokwenda kwenye mstari mzima, kwa hiyo geti itumie kutafuta ni wapi kasi inapopanda. Ukipata mita 4, zidisha 4 kwa kasi, kisha kwa kasi tena, 4 × 4 × 4: tofauti ya presha kati ya pande mbili za vali ni milimita 64 za zebaki. Na usiridhike na dirisha la ncha ya moyo peke yake. Mgeuze mgonjwa alalie upande wa kulia, jaribu kando ya mfupa wa kifua upande huo, halafu juu ya kifua chini ya koo, uchukue kasi kubwa kuliko zote, maana pembe isiyo sahihi hapa inaipunguza tu na mgonjwa anaonekana mzima kuliko alivyo.