Amorgos mwezi wa Septemba bila wakala: nishukie bandari ipi?

Mtembezi_Hamburg
Wakuu, habari za humu. Nataka kwenda Amorgos, kisiwa cha Ugiriki, katikati ya Septemba, siku saba, peke yangu. Santorini na Mykonos nimeziacha kwa sababu ya msongamano. Nina pasipoti ya Tanzania na kibali cha ukaazi cha Ujerumani, na siendeshi gari. Nishukie Katapola au Aegiali? Nipitie Athens moja kwa moja au kisiwa cha Naxos? Na kabla ya ndege ya kurudi, niache siku ngapi za akiba?

Bandari_hadi_Bandari
Mkuu, Amorgos haina uwanja wa ndege. Ratiba yako inategemea meli, na meli inategemea upepo. Anza hapo kabla hujalipia chumba.

Meltemi, upepo wa kiangazi wa huko, huvuma kutoka kaskazini, kali zaidi Julai na Agosti, na mara nyingi anga huwa jeupe bila wingu hata moja. Ndiyo maana wageni hushangaa kuambiwa meli haiondoki. Upepo ukifika 8 kwa kipimo cha Beaufort, mamlaka ya bandari huzuia safari. Vyombo vidogo na vile vya kasi huzuiwa mapema zaidi. Septemba hupungua lakini hauishi. Kwa hiyo usipande meli siku ile ile ya ndege. Rudi Athens siku moja kabla, na kama tiketi ya ndege haibadilishiki, rudi siku mbili kabla.

Safari ikifutwa una haki ya kurudishiwa nauli yote au kupewa meli nyingine. Hoteli ya usiku huo, kama sababu ni hali ya hewa, ni juu yako.

Kutoka uwanja wa ndege wa Athens, metro ya laini ya 3 inafika Piraeus, bandari ya Athens, bila kubadilisha treni. Bandari yenyewe ni kubwa mno, na mageti yana alama ya E na namba. Angalia namba yako kabla ya kushuka metro, maana kukosea geti ni mwendo mrefu na mizigo.

Meli kubwa kutoka Piraeus huchukua kati ya saa saba na tisa, kutegemea visiwa inavyopitia. Ukipitia Naxos kuna Express Skopelitis, meli ndogo inayopita visiwa vya Iraklia, Schinoussa na Koufonisia. Ni njia nzuri kuliko zote siku ya bahari tulivu. Siku ya mawimbi inayumba sana. Kama tumbo lako si imara, chukua meli kubwa.

Jambo moja watu hulisahau: meli husimama kisiwani dakika chache tu. Ukisikia jina la bandari yako likitangazwa, shuka chini kwenye sehemu ya magari, chukua begi lako kwenye rafu yenye jina la kisiwa, na usubiri mlango ufunguliwe.

Njia_za_Mawe
Soma tiketi vizuri: baadhi ya meli hutia nanga Katapola, nyingine Aegiali, na kati yake ni kama kilomita 20 za barabara ya milimani. Meli ikifika usiku wa manane hakuna basi, kwa hiyo mwambie mwenye chumba saa ya kufika. Wengi huja kukupokea bandarini.

Kwa asiye na gari, mimi ningegawa: siku tatu Katapola, karibu na Chora (mji mkuu wa kisiwa) na monasteri, kisha Aegiali penye ufukwe wa mchanga na vijiji vya Tholaria na Langada.

Monasteri ya Hozoviotissa imebandikwa kwenye jabali, juu ya bahari kwa takriban mita 300. Ina upana usiozidi mita tano, lakini ina ghorofa nane. Hufungwa mchana, kwa hiyo nenda asubuhi. Wanaume suruali ndefu, wanawake sketi ndefu na mabega yafunikwe. Suruali kwa mwanamke huwa haikubaliwi.

Kutoka hapo njia ya zamani inaendelea hadi Aegiali, saa nne hadi tano. Hakuna kivuli wala duka la kununua maji. Beba lita tatu, vaa viatu vyenye soli ngumu, ondoka saa moja asubuhi, urudi kwa basi. Ratiba ya basi ya Septemba huwa pungufu kuliko ya Agosti. Ipige picha ikiwa imebandikwa kituoni.

Leicester_254
Naongezea swali: pasipoti ya Kenya, kibali cha Uingereza. Je?

Bandari_hadi_Bandari
Kibali cha Uingereza hakifungui Schengen (nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja), ndugu. Omba viza ya Ugiriki. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari, na bima isipungue yuro 30,000. Usingoje hizo siku 15. Wa Hamburg yeye atembee na pasipoti pamoja na kibali chake halisi, si nakala. Anaruhusiwa siku 90 ndani ya kila siku 180.

Njia_za_Mawe
La chakula: samaki wabichi huuzwa kwa kilo. Chagua mwenyewe, mwombe apimwe mbele yako, uulize bei kabla hajawekwa motoni. Kwa asiyekula nyama ya huko, fava (rojo zito la njegere kavu za njano) na maharage makubwa ya kuoka yanashibisha. Na karatasi ya chooni itupwe kwenye kikapu, mabomba yao ni membamba na huziba.