Mnaongeaje na mzazi wakati mtoto yuko hali mbaya?

NesiWaMpakani
Habari zenu. Mimi ni nesi, mwaka wa pili kazini, niko emajensi ya watoto huku upande wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Wiki iliyopita usiku boda ilileta mama na mtoto wa miaka kama mitatu, malaria kali, degedege halikomi. Tukampokonya tu mtoto mikononi tukaanza kazi, oksijeni, kupima sukari, kutafuta mshipa, dawa ya degedege, na mwenzetu mmoja akamwambia mama "toka nje". Akatoka. Mtoto akatulia, Mungu ni mwema. Nilipotoka nikamkuta mama amesimama ukutani, ameshika kiatu kimoja cha mtoto kwa mikono miwili, akaniuliza, "Sista, mwili nitapewa saa ngapi?" Alidhani mtoto ameshakufa kwa sababu huko ndani tulikuwa tumenyamaza. Tangu siku hiyo silali vizuri. Nyinyi wenzangu mnafanyaje?

SistaMkongwe
Pole sana mdogo wangu. Hilo lilinikuta na mimi zamani, ndiyo maana siku hizi kabla zamu haijaanza tunaambiana kabisa nani ataongea na mzazi, hata akiwa mwanafunzi wa mazoezi. Maneno machache tu: mimi ni fulani, mtoto bado anapumua, sasa tunatafuta mshipa wa kuweka dripu, narudi kukwambia. Halafu urudi kweli, hata kama hakuna jipya. Na mama akiweza kusimama ndani mwache asimame upande wa miguu, ashike kidole cha mtoto, amwite jina. Asiyeweza kuangalia asilazimishwe. Tena uliza anasikia lugha gani, huku kwetu mwingine ni Kisamia, mwingine Ateso, Kiswahili chenyewe anajua cha sokoni tu, utaeleza vizuri na hataambulia kitu.

ZamuYaUsiku
Dada naheshimu, lakini wodi ina watoto thelathini na manesi tuko wawili, huyo wa kuongea atoke wapi? Msimu wa mvua malaria ikipanda wanalala watatu kitanda kimoja. Hatunyamazi kwa roho mbaya, tumechoka.

BabaPacha_Tororo
Mimi si nesi, ni mzazi tu, naomba niseme. Mwanangu alipolazwa na malaria alipigwa sindano ya atesuneti usiku, halafu kimya. Saa tano, saa sita, saa saba, hakuna anayekuja na sindano nyingine. Nikaona wametusahau au wanangoja hongo, nikaanza kupiga simu kijijini wauze mbuzi. Asubuhi ndiyo nesi mwingine ananiambia, mzee hiyo sindano inapigwa akifika, halafu masaa 12 baadaye, halafu masaa 24 tangu ile ya kwanza, ndivyo ilivyo. Yaani ningeambiwa hivyo tu usiku mbuzi wangu angekuwepo mpaka leo! ZamuYaUsiku najua mmechoka, tunawaona, lakini hayo maneno yanachukua muda gani ndugu yangu?

SistaMkongwe
Umenena baba. @ZamuYaUsiku uchovu huo naujua, sikulaumu. Ila mzazi asiyeambiwa kitu ndiye anayekufuata kila dakika tano na ndiye anayegombana kwenye foleni. Pale mlangoni huwa nawaambia wote kwa sauti: hapa hatuendi kwa aliyetangulia, mtoto anayelia kwa nguvu hewa inapita, aliyelegea kimya ndiye tunamkimbilia. Wakishasikia hivyo wenyewe wanampisha. Lingine, usimwambie mama "umechelewa, ulikuwa kwa mganga", hata kama ni kweli, siyo saa yake. Na mtoto akifariki usiseme mkiwa mmesimama koridoni. Tafuta benchi, mkae, sema "amefariki" waziwazi, maana ukisema "ametuacha" mwingine anauliza amehamishiwa hospitali kubwa ya Mulago kule Kampala. Toa mirija inayoruhusiwa kutolewa, mfute uso, mfunge kwa leso ya mama yake, umpe ampakate. Usimharakishe.

NesiWaMpakani
Asanteni, nimesoma nikalia kidogo. Leo niko zamu ya usiku, nimeshaongea na mwenzangu, mimi ndiye wa wazazi mpaka saa sita halafu tunabadilishana. Na yule mama mtoto wake bado yuko wodini, jana alikuwa anakula uji, nilienda nikamwomba msamaha. Akanishika mkono, akanionyesha kile kiatu kingine, kumbe kilibaki kwa boda na jamaa alikirudisha.