Jirani aliniuliza kuhusu imani yangu nikakwepa. Nirudi kwake vipi?

Mshonaji wa Majengo

Bwana asifiwe wapendwa. Kuna jambo linaninyima usingizi, naomba mnisaidie.

Mimi nashona nguo hapa Majengo, Mombasa. Sare za shule, madera, na kanzu za watoto Idi ikikaribia. Mlango wa pili kutoka kwangu anakaa mama mmoja Mwislamu, tumejuana mwaka wa 11 sasa. Asubuhi huuza mahamri na mbaazi barazani, na mteja wake wa kwanza huwa mimi. Mwanangu wa pili alipofariki kwa homa, huu mwaka wa tatu, ni yeye aliyeingia jikoni kwangu akawasha jiko. Siku tatu aliwapikia waombolezaji, wengi wao watu wa kanisa langu ambao hakuwajua hata kwa sura.

Miezi miwili iliyopita mumewe naye akafariki. Sasa yuko eda, hatoki. Kila Jumatano nikifunga kazi nampitia na sukari au majani ya chai, tunakaa mkekani tunazungumza. Jumatano iliyopita tulikuwa tunachagua mchele. Mara akaacha mkono ndani ya ungo, akanitazama. "Shoga, ulipozika mtoto nilikuona wiki ya pili umerudi kwenye cherehani, na unaimba. Nikajiuliza, huyu sauti ameipata wapi? Hebu nambie, uliegemea nini?"

Jibu nilikuwa nalo, liko hapa kooni. Nikasema, "Ah, ni Mungu tu," kisha nikaanza kumuuliza bei ya mkaa. Hakusema kitu. Alirudisha macho kwenye ungo, akatoa kijiwe, akakiweka kando.

Niliogopa ataona nimemvizia msibani. Mtu amefiwa, mimi naja na dini yangu!

Halafu Jumapili tukatangaziwa kanisani kwamba Jumamosi kila mmoja atasimama na kipaza sauti kwenye feri ya Likoni, na atakayekataa anamwonea Kristo haya. Nililia pale kwenye kiti. Walidhani naogopa feri, kumbe mimi nauona ule ungo.

Je, ni kweli namwonea Kristo haya? Na nikirudi kwake nianzie wapi, asije akafikiri miaka yote hii nilikuwa namtega?

Mvukaji wa Likoni

Shalom dada. Pole kwa mtoto, pole sana.

Mimi ndiye mmoja wa hao wa kwenye feri. Nahubiri mwaka wa tisa sasa, asubuhi watu wa Likoni wanapovuka kwenda kisiwani kutafuta riziki. Abiria wa miguu halipi, kwa hiyo pale unakuta kila aina ya mtu: mwenye baiskeli, mwenye mkokoteni wa nazi, mwanafunzi, askari. Spika sina. Nina sauti, na Biblia ambayo pembe zake zimeliwa na maji ya chumvi. Sitaki mtu aidharau kazi hiyo. Siku moja kijana wa mkokoteni alinisubiri tukishuka, akaacha mzigo wake njiani watu wakimpigia kelele, akaniomba nimwombee mkewe aliyekuwa anajifungua saa ile ile.

Lakini feri ni rahisi kuliko mkeka wako, dada, na hili nalisema mimi ninayeifanya. Pale nasema dakika chache, mlango unashushwa, kila mtu anakimbilia matatu yake. Hakuna anayejua jana nilimjibu mke wangu vipi. Jirani yako anajua unavyodai madeni, anajua unavyowafokea watoto umeme ukikatika na kazi ya watu haijaisha. Na baada ya kukujua hivyo kwa miaka 11, bado akakuuliza. Mimi kwenye feri hakuna aliyeniuliza kitu. Nina jirani wa ukuta kwa ukuta huku Likoni ambaye sijawahi kumwambia hata neno moja la imani yangu, na swali lako limenichoma kwa ajili yake.

Waraka wa kwanza wa Petro, 3:15, unatutaka tuwe tayari kumjibu kila anayetuuliza habari za tumaini letu, tena kwa upole. Huyo wako ameuliza.

Haki ya kisheria unayo, Katiba ya 2010 kifungu cha 32 iko wazi. Lakini naona si hiyo inayokusumbua.

Shahidi

Mpelekee kijitabu cha maswali na majibu, umwachie asome mwenyewe. Halafu umwalike ibadani Jumapili. Usichelewe, dada, maisha ni mafupi.

Mwana wa Rabai

Nimezaliwa Rabai, na tangu utoto nimesikia habari za Krapf, mmisionari Mjerumani. Watu hukumbuka kwamba alifika Mombasa 1844, na kwamba 1846 yeye na mmisionari mwenzake Rebmann walifungua misheni kwetu. Mimi hushika zaidi miezi ile ya kwanza. Mwezi wa Juni 1844 alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa. Kadhi! Fikiria wale watu wawili wamekaa pamoja, kila mmoja na imani yake kamili, wanatafuta neno. Julai hiyo hiyo Krapf akamzika mkewe Rosine na binti yao mchanga, upande wa bara. Akabaki. Miaka kadhaa walioamini walihesabika kwa vidole.

Kwa hiyo usidhani jibu lako lazima lizae kitu Jumatano hii, wala mwaka huu. Na msiba wake usiuogope. Injili huku kwetu ilianza na mtu aliyekuwa na kaburi lake mwenyewe, na wewe la kwako unalo.

Binti Kibokoni

Salamu kwenu. Mimi ni Mwislamu, huwa napita hapa nasoma tu, lakini leo niacheni niseme.

Ndugu Shahidi, huyo mama yuko eda. Miezi minne na siku kumi hatoki ila kwa dharura, wewe wamwalika kanisani? Na kijitabu usimpelekee. Yeye hakuuliza dini yako yasemaje, alimuuliza shoga yake alikaaje na msiba.

Dada Mshonaji, mimi ningekuwa yeye, kilichoniuma ni ile bei ya mkaa. Nimekufungulia mlango, wewe umesimama kizingitini waulizia mambo ya sokoni. Kinachotukera sisi ni spika kuelekezwa msikitini wakati wa swala, na watoto wetu kupewa karatasi njiani bila wazazi kujua. Mtu kunieleza kilichomshika alipozika mwanawe hakiwezi kunikera. Naweza nisikubaliane nawe, na bado nikakushukuru. Nenda umjibu. Na ukimaliza, muulize na yeye anaegemea nini, kisha umsikilize.

Mshonaji wa Majengo

Nimerudi, wapendwa. Mungu awabariki, na wewe Binti Kibokoni nakushukuru kwa moyo wote.

Jumamosi sikwenda feri, nilimweleza kiongozi wangu sababu. Jana Jumatano nikaenda kwa jirani. Sikukaa hata vizuri, nikamwambia, "Shoga, lile swali lako sikulijibu." Akasema, "Najua."

Nikamwambia kwamba kuimba kule hakukuwa furaha. Usiku nilikuwa nafungua pale Yesu alipokuwa anaelekea kaburini kwa Lazaro akalia, nami namwambia, wewe unalijua hili, nishike. Dua nyingine ilikuwa hainitoki. Asubuhi nikikanyaga cherehani naimba ili nisiachie ule mkono.

Akauliza, "Isa alilia?" Nikasema ndiyo, alilia machozi.

Akakaa kimya muda. Kisha akanieleza usiku wake, upande wa kitanda ambao bado hajaweza kuulalia, na aya anazozirudia mpaka alfajiri. Sikumkatiza. Adhana ya Magharibi ikaingia, nikainuka niende zangu, akanishika dera. "Kaa, chai haijaisha." Akaenda chumbani kuswali, mimi nikabaki mkekani, nikamwombea.

Aliporudi akaniuliza maneno ya ule wimbo. Nikamwimbia ubeti mmoja, kwa sauti ya chini.