Bodi ya simu imegoma kutoka, skrubu nimefungua zote

Uyole_Juu: Wakuu habari za asubuhi. Simu ni Android iliyoingia maji. Kava la nyuma na sistimu chaji (kibodi kidogo cha chini chenye tundu la chaji) nimeshatoa, nataka nitoe na bodi ya juu niisafishe. Upande wa kamera inanyanyuka, upande wa laini imeganda. Nikilazimisha inapinda. Inashikwa na nini?

Fundi_Mwanjelwa: Mkuu, hapo hapo acha. Bodi ikipinda, vidoti vya lehemu chini ya prosesa vinapasuka, halafu unabaki na simu inayojizima yenyewe au isiyowaka kabisa. Treya ya laini umeitoa? Ikibaki ndani inaibana bodi kwenye fremu. Kisha tafuta stika ndogo juu ya bodi. Wengi huiruka, na mara nyingi ndiyo inayoficha skrubu ya mwisho. Angalia pia waya mwembamba wa antena unaoshuka kwenye sistimu chaji. Kichwa chake ni cha duara, kinyanyue wima kwa ncha ya plastiki. Ukivuta waya kitanyofoka, na mtandao utakuwa wa kuomba.

Miyomboni_Simu: Naongezea: flexi (ule mkanda mwembamba wa waya) ya betri ndiyo ya kwanza kuchomolewa, kabla ya flexi nyingine yoyote. Ukichomoa ya kioo umeme ukiwepo, unaweza kuunguza njia ya umeme ya mwanga wa kioo.

Kama hakuna skrubu iliyobaki, basi ni ile grisi ya kupooza prosesa, ikikauka inashika kama gamu. Weka matone mawili matatu ya spiriti ya asilimia 99 (isopropili) ukingoni, subiri dakika mbili, nyanyua taratibu kwa plastiki. Yasichuruzike kwenye kioo. Bloa (ile mashine ya hewa ya moto) usiielekeze kwenye betri hata kidogo, hata kama Julai hii baridi ya Mbeya inafanya gundi iwe ngumu kama sabuni ya kipande.

Uyole_Juu: Ni stika! Skrubu ilikuwa chini yake, kando ya tundu la laini. Imetoka. Soketi ya betri ina ukijani.

Fundi_Mwanjelwa: Hiyo ni kutu ya shaba. Sugua kwa mswaki laini na spiriti hiyo hiyo, acha ikauke kabisa ndipo urudishe betri. Mchele hautoi kutu, usipoteze muda. Skrubu zako ziko kwenye kifuniko kimoja zote?

Uyole_Juu: Ndiyo, zimechanganyika.

Fundi_Mwanjelwa: Zipange kwa urefu kabla hujafunga hata moja. Ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa tabaka za bodi na kukata njia zilizo ndani. Skrubu ikigoma kabla haijafika chini, itoe, si ya hapo.