Mrejesho: watoto wa kakti na ile nyekundu

Wakuu, niliuliza kwa nini watoto wa kakti ninaowatenga na mama wanaoza kabla ya kutoa mizizi, na kama ile ya kichwa chekundu inaweza kupandwa peke yake. Asanteni wote.

Ushauri wa kuacha kidonda kikauke ndio uliofanya kazi. Kwa fukuto hili la Dar niliwalaza kivulini juu ya gazeti mpaka palipokatwa pakawa pagumu, ndipo wakaingia kwenye mchanga wenye changarawe. Maji hakuna hadi mizizi itoke. Wachache wameoza, wengi wameshika.

Ile nyekundu haina kijani cha kujitengenezea chakula, kwa hiyo lazima ibebeshwe, yaani iunganishwe juu ya shina la kakti nyingine ya kijani. Nimetumia shina la pitaya (kakti ya dragon fruit). Kisu nilikifuta kwa spiriti, nikakata bapa juu ya shina na chini ya ile nyekundu, nikagusanisha zile duara ndogo zinazoonekana katikati ya kila mkato (hapo ndipo penye siri), nikafunga kwa rababendi kupitia chini ya kopo. Sasa imetoa kitoto ubavuni, chekundu balaa! Machipukizi ya pitaya yenyewe nayanyofoa, yanakula chakula cha mgeni, yaani ile nyekundu.

Walio na uzoefu: shina la pitaya huwa linachoka baada ya muda gani?