Sponji za hedifoni za zamani zinapukutika, kwa Dodoma nani anazibadilisha?

Kijana_wa_Nkuhungu

Mbukwenyi wakuu,

Nina hedifoni Sony MDR-V6 nimeachiwa na baba mdogo. Yeye enzi zake alikuwa anazunguka na deki yake kurekodi kwaya na ngoma, Chamwino, Mpwapwa, mpaka Kondoa huko, hizi alizinunua kwa mzungu mmoja wa mradi wa maji aliyekuwa anarudi kwao na mpaka anafariki alikuwa hataki mtu azishike. Zimekaa juu ya kabati miaka na miaka, juzi nikazitoa nikavaa kama dakika kumi hivi, kujiangalia kwenye kioo masikio meusi utadhani nimetoka kuchoma mkaa. Ile ngozi ya juu inapukutika kama magamba, ipo kwenye ndevu, ipo kwenye shuka, mke wangu kanuna. Sponji yenyewe ukiibonyeza inabaki hivyo hivyo haiinuki.

Ila kilichoniuma sio uchafu, ni mlio. Nimeweka kanda yake moja ya mzee anapiga ilimba (ile ala ya Wagogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba), ninaijua hiyo kanda toka mdogo, vile vyuma vyenye sauti nene havisikiki kabisa, imebaki cha cha cha ya juu tu kama redio ya simu ya tochi. Nikawaza labda spika zenyewe zimekufa.

Nimezunguka Majengo kutafuta. Duka la kwanza nikamwambia binti "naomba pedi za hedifoni", hakusikia hilo neno la mwisho, akanielekeza duka la dawa lililo jirani. La pili wakaniambia achana nazo chukua mpya elfu kumi na tano. Mwisho fundi viatu mmoja kasema atanivalishia leza (ngozi ya bandia) nzuri tu ila ataipiga gundi ile ya soli izunguke yote. Nimwachie au nisimwachie?

FundiRedio_Makole

Usimwachie mkuu, tafadhali sana. Ikipigwa gundi pale basi imetoka hiyo, siku ukitaka kufungua ndani hufungui bila kuvunja, na zile screw ziko chini ya hiyo hiyo sponji.

Kabla ya yote jua kama spika ni nzima, na kupima ni bure. Vaa hivyo hivyo zilivyo, weka ile ilimba, afu kwa viganja bonyeza vikombe vyote viwili taratibu vigandamane na kichwa. Besi ikirudi ghafla, spika zako ni nzima, tatizo ni hewa. Ukiachia besi ikapotea tena ndio uhakika kabisa. Hizo V6 ni za kufungwa nyuma, sauti nene inataka pale sikioni pawe pamezibwa, sponji ikilala au ngozi ikitoboka hewa inatorokea pembeni na besi inaondoka nayo, trebo, ile sauti nyembamba ya juu, inabaki maana yenyewe haijali. Hata mtu wa miwani analiona hili, ule mkono wa miwani unafungua kauwazi kadogo tu besi inapungua.

Kingine mkuu, hizo V6 zilitoka 1985 na yale magamba ndio ugonjwa wake maarufu dunia nzima, sio wewe tu. Ile sio ngozi, ni plastiki ya PU imepakwa juu ya kitambaa, jasho, unyevu na mafuta ya nywele vinaivunja taratibu hata ikikaa kabatini inaendelea kujivunja. Kwahiyo usijilaumu kwamba hukuzitunza.

Bob_wa_Ihumwa

Kaka nunua za bluetooth maisha yasonge, mambo ya 1985 hayo

Kijana_wa_Nkuhungu

@FundiRedio_Makole aisee nimebonyeza besi ikarudi!! Nimekaa nimeshikilia masikio kama mtu anayekataa kusikia habari mbaya, wife kaja akauliza kuna nini. Kwahiyo spika nzima. Mungu mkubwa.

@Bob nimekusikia kaka ila hizi siuzi na situpi.

Mstaafu_AreaC

Vijana hamjambo. Mimi sina V6 lakini jambo hili limenikumbusha mbali nitasema kidogo. Nilikuwa na Sennheiser HD 414, zile zilianza kuuzwa 1968, wazi nyuma, nyepesi, na sponji zake za njano wala hazina ngozi juu, ni sponji tupu unaivalisha kama soksi. Nazo ziliisha zikawa unga wa njano, nikikohoa zinapeperuka. Nilikata sponji ya kuoshea vyombo, ile ya kijani upande mmoja, nikavalisha upande laini. Sauti ikawa imeziba kama unamsikiliza mtu aliyeko chumba cha pili. Baadaye ndio nikaelewa kwamba sponji na sponji ni tofauti, ile ya awali ina matundu makubwa hewa inapita bila shida, ya vyombo ina matundu madogo madogo imebana. Hizo za wazi zinataka hewa ipite na hizo zako za kufungwa zinataka hewa isipite, sasa mtu akikwambia sponji yoyote sawa tu muulize anazungumzia hedifoni gani.

Na kuna Koss za zamani ambazo ndani ya mto waliweka kimiminika badala ya sponji ili ushike vizuri kichwani. Rafiki yangu mmoja yake ilitoboka ikamwagikia shati la kuendea kanisani.

Kijana usizitupe za mzee wako.

Kijana_wa_Nkuhungu

Shikamoo mzee wangu, nashukuru sana. Hapo kwa sponji ya vyombo umeniokoa maana nilishaiangalia ya jikoni kwa jicho baya.

Bi_Zabibu

Jamani mie nashona mabegi na makava ya viti vya magari hapa Chang'ombe, hedifoni nimeshashona jozi tatu, mbili za MaDJ na moja ya kijana wa UDOM, ngoja niseme ninavyofanya.

Kwanza kaka kama unaweza kupata za kiwandani nunua, nasema kama fundi na sioni aibu. Sponji za V6 na za MDR-7506 (hedifoni nyingine ya Sony) ni zile zile, na 7506 bado watu wanazitumia studio kwahiyo ni rahisi kuulizia hiyo kuliko V6. Mwambie mtu wako wa Kariakoo au ajenti wa mizigo ya China "sponji za MDR-7506". Ila pima kwanza kikombe chako kwa rula, urefu na upana, umtumie na picha, maana wanaleta mviringo wakati zako ni yai.

Ukitaka kushona sasa. Usianze kwa kukata, anza kwa kuvua ile ya zamani BILA kuichana, hata iwe mbovu vipi, maana ile ndio ramani yako. Nalaza kwenye karatasi ngumu nachora, naongeza nusu sentimita ya mshono. Juu natumia ngozi ya mbuzi iliyokunwa ikawa nyembamba laini, huku kwetu mbuzi wamejaa lakini ngozi laini unaitafuta kwa tochi, nyingi ni ngumu za viatu, ukikosa basi leza ya sofa nyembamba ila ujue nayo ni PU itakuja kupukutika tena. Cherehani weka mshono mrefu, milimita tatu mpaka nne, ukishona karibu karibu ngozi inakatika kama stempu nakwambia utalia. Unashona nje ndani, unapindua, unatia sponji, afu tundu la ndani unamalizia kwa mkono. Sasa siri iko kwenye ule ukingo unaovaa kwenye kikombe, usitumie ngozi hapo, haivutiki, mie naweka kitambaa cha jezi za mpira, kinavutika na kinashika bila gundi.

Sponji ya ndani wengi wanachukua kipande cha godoro, godoro la bei rahisi linalala mwezi mmoja tu. Mie nachukua ile nzito ya viti vya magari. Na msiweke nene eti iwe laini kama mto wa kulalia!! Yule DJ wa kwanza alining'ang'aniza niweke nene, akarudi siku ya tatu anasema dada zinapendeza ila muziki umekwenda mbali, nikafumua nikapunguza.

FundiRedio_Makole

Bi Zabibu hapo kwenye unene umegonga penyewe. Sponji ikiwa nene sikio linakaa mbali na spika na chumba cha hewa kinakuwa kikubwa, mlio wote unabadilika sio besi tu. Watu wanadhani ule mto ni wa starehe, kumbe ni sehemu ya spika kabisa, kiwanda kilipopiga hesabu zake kilipiga na huo mto ukiwepo.

Mimi niongeze kwenye usafi maana hapo ndio watu wanaua vitu. Ukishavua sponji utakuta kitambaa chembamba au kisponji bapa kimefunika spika, usikivute kwa pupa. Yale magamba meusi yaokote kwa selotepu, unagusisha tu na kuinua, au kwa brashi laini ya rangi. USIPULIZE kwa mdomo wala kwa ile kompresa ya gereji, ile spika ya milimita 40 ina utando mwembamba kuliko mfuko wa karanga, ukiupuliza unabonyea. Nywele moja tu ikiugusa inaanza kukwaruza kila besi ikipiga, nimeshaletewa hedifoni "spika imekufa" nikatoa unywele mmoja wa rasta ikapona, nikaona haya hata kumtoza hela.

Ute ute unaobaki kwenye plastiki futa kwa spiriti ya duka la dawa, pamba iwe na unyevu tu isichuruzike. Thina usiiguse, itakula plastiki.

Kuvalisha: V6 ina kamfereji kamezunguka kikombe, ukingo wa sponji unaingia humo. Anza kona ya chini, tumia kadi ya zamani ya benki au kile kiplastiki cha laini ya simu kusukumiza huku unazungusha. Mara ya kwanza utatukana, mara ya pili utashangaa ulikuwa unatukana nini.

Zuzu_Kongwa

Nauliza tu wakuu, zile za kitambaa cha manyoya manyoya kama velveti vipi? Kongwa huku mchana jua kali ngozi inachemsha masikio

Bi_Zabibu

@Zuzu zinapoa kweli, ila kwa hizo za kufungwa zinavujisha hewa besi inapungua. Na sisi wa huku Julai na Agosti ule upepo unavyobeba vumbi, velveti inakula vumbi lote la Kongwa unavaa kichwani. Ngozi unafuta kwa kitambaa umemaliza. Kama unasikiliza usiku ndani vaa tu.

Kijana_wa_Nkuhungu

Wakuu narudi na mrejesho, kama mwezi na nusu sasa.

Niliagiza Kariakoo nikasema 7506 kama alivyosema Bi Zabibu, zikaja na basi siku ya pili yake, kufungua ni yai kweli ila ndogo kidogo na ngozi ngumu kama ganda la chungwa lililokauka. Nimepigana nazo jioni nzima na kadi ya benki, zikaingia, kuvaa zinalalia sikio lenyewe badala ya kulizunguka na besi imerudi nusu. Muuzaji kusema niwe mkweli alinitumia picha kabla, mimi ndio sikupima, nilikadiria kwa macho. Mtu ameandika kwa herufi zinazoonekana PIMA KWA RULA na mimi nimekadiria kwa macho.

Basi nikamfuata Bi Zabibu Chang'ombe na zile sponji za zamani kwenye mfuko wa nailoni, bahati sikuzitupa. Kanicheka kwanza. Ngozi ya mbuzi kapata kipande kwa mtu wa mikoba, kashona siku mbili. Usafi nimefanya mwenyewe kwa selotepu na brashi, upande wa kulia kulikuwa na magamba mpaka kwenye kile kisponji bapa, kikanisambaratikia mikononi chenyewe, nimekata kingine chembamba sana kwenye sponji ya maiki ya zamani, sijui kama ni sahihi ila pande zote mbili nimeweka sawa sawa zisipishane.

Jana usiku nimeweka ile kanda. Vyuma vinene vimerudi. Sio hivyo tu, kuna mahali katikati ya wimbo nimesikia mtu anakohoa nyuma kabisa, afu sauti ya chini chini inasema "sogeza maiki". Ni baba mdogo. Nimesikiliza hii kanda maisha yangu yote kwenye redio ya mezani sijawahi kusikia hicho kitu. Nimerudisha nyuma kama mara sita hivi.

Mstaafu_AreaC

Kijana hiyo kanda ina nakala? Kanda nazo zinachoka kama hizo sponji. Usirudishe mara ya saba kabla hujainakili.

Kijana_wa_Nkuhungu

Dah. Haina mzee wangu. Nimeitoa kwenye deki sasa hivi. @FundiRedio_Makole kesho upo?

FundiRedio_Makole

Nipo kuanzia saa tatu. Njoo na deki yenyewe, na hizo hedifoni, nataka nione huo mshono wa Bi Zabibu.